Ochieng' Si Jina la Ukoo

Oburu Oginga na marehemu Raila Odinga walizaliwa na baba mmoja na mama mmoja. Oburu alibeba jina la baba, Oginga. Raila akabeba la babu, Odinga. Huku Nyanza hakuna aliyewahi kulishangaa jambo hilo, wala kuuliza ni yupi kati yao mwenye jina halali la familia. Lakini mpe karani wa ubalozi majina hayo mawili, bila picha wala habari za siasa, umwambie kwamba hawa ni ndugu. Atadai vyeti. Kisha mpelekee Otieno wa Alego na Otieno wa Kadem, watu ambao babu zao hawakuwahi kuonana, naye atawapanga pamoja kama watu wa nyumba moja. Karani huyo atakuwa amekosea mara mbili, ila lawama si yake. Fomu aliyopewa ina sehemu iliyoandikwa "jina la ukoo", na sisi Waluo tangu enzi za kipande cha mkoloni tumekuwa tukiijaza kwa majina ambayo hayajawahi kutaja ukoo wa mtu yeyote.

Kila Desemba, magari ya kutoka Nairobi yanapojaa barabarani, malalamiko ni yaleyale. Watoto wanaoshuka wanaitwa Trevor, Jayden, Shantel, Blessing. Wazee hutikisa vichwa na kusema majina ya Kiluo yanakufa, halafu hutaja wahalifu: kanisa, televisheni, wakaza wana wa mjini. Mimi naona wanamkamata asiyehusika. Trevor hajamwibia mtu chochote. Jina la kizungu limekaa mbele ya majina yetu kwa zaidi ya miaka 100 na yetu yakaendelea kuzaliwa nyuma yake. Mwizi ni yule Ochieng' wa mwisho, anayekaa nyuma ya Trevor na nyuma ya dada yake Shantel, akijifanya ukoo.

Ukoo wetu unajulikana ulipo. Simama Rodi Kopany, pale barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay inapochepuka kuelekea Ndhiwa na hatimaye Karungu ufuoni mwa ziwa, uulize watu wanaopita wametoka wapi. Utasikia Kanyada, Kanyamwa, Kabuoch, Kwabwai, Kanyidoto, Kanyamkago, Kadem. Silabi ile ya mbele, Ka, ni "kwa fulani". Kopany yenyewe ni kwa Opany. Mtu wa huko ni ja-Kanyamwa au ja-Kadem, na hilo ndilo jambo linalobeba damu, shamba, kaburi na mwiko wa ndoa. Halijaandikwa kwenye kitambulisho cha mtu yeyote.

Ukiyasikiliza vizuri majina hayo ya ardhi utagundua kitu kingine. Mengi yanaanza na Kanya, na nya ni binti. Kanyamwa ni kwa binti wa mwa, yaani binti wa wageni, watu wasiokuwa Waluo. Katika boma la wake wengi kila mke alikuwa na nyumba yake: mikayi, nyachira, reru. Watoto wa baba mmoja walitofautishwa kwa mama zao. Vizazi vilipopita nyumba ikawa mlango, mlango ukawa ukoo, na jina la yule mama likaganda juu ya ardhi. Jamii iliyorithisha mashamba kwa wanaume tangu zamani imejaza ramani yake wanawake, na mmoja wao hakuwa hata Mluo. Wanaopiga kelele kuhusu usafi wa kabila wangefaa watafakari hilo wakiwa safarini kwenda Ndhiwa.

Hata leo mwanamke aliyeolewa habadilishwi jina na majirani zake. Akitoka Gem ataitwa Nyar Gem hadi azeeke, na wajukuu watamjua hivyo hivyo. Akizaa anakuwa Min Otieno, mumewe Wuon Otieno. Jina la mume kama "Bi fulani" ni la benki na la kadi za harusi. Na kijana akipeleka habari nyumbani kwamba amepata mchumba, mama yake hamwulizi baba wa msichana anaitwa nani. Anauliza: nyar kanye? Binti wa wapi? Kwa sababu Ochieng' wako kila mahali, na mtu anaweza kuoa binti wa Ochieng' mwenzake bila kosa lolote. Akioa binti wa ukoo wake, au wa ukoo wa mama yake, hapo ndipo wazee watakapokusanyika. Jina lililoandikwa kwenye sehemu ya ukoo halina msaada wowote katika swali ambalo ukoo uliundwa ulijibu.

Sasa kwa msomaji wa Mombasa au Morogoro asiyejua Ochieng' hufanya kazi gani hasa. Ni jina la saa. Mtoto wa kiume aliyezaliwa jua likiwa kali ni Ochieng', wa kike ni Achieng'. Asubuhi ni Okinyi na Akinyi, jua likipanda ni Onyango na Anyango, jioni Odhiambo na Adhiambo, usiku Otieno na Atieno, na wakati wa manane Oduor na Aduor. O kwa mvulana, A kwa msichana, ingawa kanuni hii ina mianya: Profesa Anyang' Nyong'o ni mwanamume mwenye A yake. Kukinyesha ni Okoth. Wakati wa palizi ni Odoyo, wa mavuno Okeyo, wa njaa Okech. Nzige wakivamia, Obonyo. Uchungu ukimkuta mama njiani, Oyoo. Ukimkuta nje ya nyumba, Ooko au Aoko. Mtoto akitangulia kifudifudi ni Ouma. Akija na kitovu kimemzunguka shingoni ni Owino. Wa kwanza wa pacha ni Opiyo, wa pili Odongo, na anayewafuata pacha ni Okello.

Okello huyo ukimfuata atakuvusha mpaka. Wacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda wanaye; Tito Okello aliyeiongoza Uganda kati ya 1985 na 1986 alikuwa Mcholi. Wasukuma wana Kulwa na Doto, Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana. Pwani aliyezaliwa usiku ni Chausiku, ndugu wa moja kwa moja wa Atieno, na waliozaliwa Ijumaa na Alhamisi ni Juma na Khamisi. Hatukuyavumbua peke yetu mambo haya.

Mfano ninaoupenda zaidi uko jirani, ng'ambo ya mpaka wa Migori, katika mkoa wa Mara. Chifu wa Wazanaki wa Butiama alipewa jina la viwavi kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipovamia: Nyerere. Mwanawe alizaliwa mwaka 1922 siku ya mvua kubwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Kwa hesabu ya wazazi wake, jina lake hasa lilikuwa hilo la mvua, na viwavi vilikuwa vya baba yake tu. Lakini misheni, shule na dola vilipomaliza kazi, mvua ikasukumwa katikati, mbele akawekwa Julius, na viwavi vya mwaka mmoja wa njaa ya zamani vikawa jina la familia, la mabarabara, la uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na la watoto wengi wa Kenya ambao baba zao walimpenda Mwalimu. Sina ubaya na viwavi. Nataka tu tuone jinsi jina la tukio linavyogeuzwa mali ya kurithi, na jinsi lile la mtoto mwenyewe linavyofunikwa.

Yapo majina mengine ambayo hayachekeshi. Mama aliyezika watoto wawili au watatu mfululizo alipozaa tena, mtoto alipelekwa nje, akawekwa njiani au jalalani, na mwanamke mwingine mzima akapita "akamwokota" na kumrudisha nyumbani. Kifo kilipaswa kuamini kwamba mtoto huyu ametupwa, hana mwenyewe, hafai kufuatwa. Aliitwa Owiti au Awiti, yaani aliyetupwa. Aliyezaliwa baba yake akiwa ameshafariki ni Ochola au Achola. Ukipitia daftari la kanisa lolote la zamani kusini mwa Nyanza ukakuta Awiti ameandikwa, umekuta pia makaburi madogo ambayo daftari halikuyataja. Chanjo na neti za mbu zimelipunguzia kazi jina hilo, na hakuna anayepaswa kulililia. Lakini leo kuna vijana wanaoitwa Kevin Owiti, Sharon Owiti, Bramwel Owiti, waliozaliwa kliniki wakiwa na afya njema, wakitembea na msiba wa nyanya wa baba yao kama nambari ya gari.

Kuna tabaka la tatu, nalo ni la wafu. Mtoto akilia usiku kucha bila homa wala njaa, wazee walianza kutaja majina ya marehemu wa nyumba hiyo, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto alinyamaza lilipotajwa ndilo alilopewa. Au marehemu mwenyewe alikuja ndotoni, mara nyingi kwa mwanamke wa boma, akadai akumbukwe. Hilo ni nying juogi, jina la mzimu. Kwa hiyo mtoto mmoja angeweza kuwa na jina la saa, jina la mfu, na baadaye jina la kujisifu alilojitungia mwenyewe kwenye pakruok, pale pombe ikizunguka na nyatiti ikilia, au mbele ya bendi ya benga ambako mtu hulipa ili sifa zake zitajwe. Wanasiasa wetu wameujua mchezo huo vizuri. Raila alikuwa Agwambo, alikuwa Tinga, alikuwa Jakom, na alipofariki Oktoba 2025 waliomlilia walimwita Baba. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye pasipoti yake.

Mtu mmoja, majina manne au matano, kila moja na mahali pake pa kutumika. Utaratibu huo ndio uliolipokea jina la ubatizo bila kutetereka.

Na huku kwetu lilipokewa kwa mikono miwili. Rodi Kopany iko jirani na Asumbi, misheni ya mapadri wa Mill Hill. Upande wa Kendu Bay kuna Gendia, ambako Arthur Carscallen na Peter Nyambo, mwenyeji wa Nyasaland, walianzisha kazi ya Waadventista wa Sabato mwishoni mwa 1906. Matokeo yake, jina la kwanza la mzee wa miaka 70 hukuambia anasali wapi kabla hajafungua mdomo. Dalmas, Polycarp, Aloys, Pius na Consolata wamelelewa na Asumbi na parokia zake. Hezron, Zablon, Naftali, Shadrack na Hezekiah wamelelewa na Agano la Kale, na Jumamosi usiwatafute sokoni. Gaudencia Aoko, mmoja wa waanzilishi wa kanisa la Legio Maria mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa na Kilatini mbele na kuzaliwa nje ya nyumba nyuma, na majina hayo mawili hayakuwahi kugombana. Waumini wa Legio wanaopanda Got Kwer huko Migori wanaendelea na mtindo huo.

Sisemi kanisa halikufanya ubabe. Jaramogi Oginga Odinga aliyebatizwa Obadiah Adonijah aliyatupa majina hayo mawili, na alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiluo wakubwa wa kanisa walikataa, ukazuka ugomvi mrefu ambao ameusimulia katika kitabu chake. Alishinda. James Ngugi naye akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Wote wawili walipigana na jina la mbele kwa sababu ndilo lililoonekana ngeni. Kule Zaire Mobutu alilipiga marufuku mwaka 1972, akaacha kuwa Joseph-Désiré, na raia wakalazimika kuyaficha majina ya watakatifu nyumbani. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, serikali kuingia chumba cha mzazi, na sitamani kuuona hapa. Ninachosema ni kwamba wakati macho yote yalikuwa mbele, jina la nyuma lilibadilishwa kazi na hakuna aliyepiga kelele.

Lilibadilishwa polepole. Kuanzia 1920 hivi mwanamume wa Kiafrika mwenye zaidi ya miaka 16 alivaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na karani alihitaji jina lisilobadilika kulingana na nani anayeliita. Mwalimu wa misheni alihitaji kumtofautisha Zablon huyu na Zablon yule, akaandika jina la baba baada ya lake. Hadi hapo hakuna ubaya: Zablon Otieno alikuwa Zablon mwana wa Otieno, na kila mtu alisoma hivyo. Tatizo lilikuja kizazi kilichofuata. Mtoto wa Zablon alipoandikwa shuleni, badala ya kuwa mwana wa Zablon, au kubeba jina la Kiluo ambalo Zablon alipewa na wazazi wake, aliandikwa Otieno tena. Na wa baada yake Otieno. Jina la saa likapoteza saa yake.

Familia iliyopeleka jambo hili mbali zaidi inatoka huku huku Homa Bay. Obama alizaa Onyango, ambaye alisilimu akawa Hussein. Onyango alizaa Barack katika eneo la Kendu Bay, kabla ya kuhamia Kogelo. Barack alipokwenda Marekani mwaka 1959 alitumia jina la babu, Obama, kama Raila alivyotumia Odinga. Angetumia la baba yake mzazi kama Oburu, Wamarekani wangekuja kumchagua Rais Onyango. Kwao Obama ni familia. Kwetu ni mzee mmoja aliyeishi, akazaa, akafa. Na mke wa mwanawe aliyekuwa rais anaitwa Michelle Obama, mwanamke mwenye O ya kiume, jambo ambalo sikio la nyanya yeyote wa Karachuonyo lazima lilikwaruzika kidogo kabla ya fahari kulituliza.

Lakini usimcheke Michelle, maana binti zetu sasa wote wako hivyo. Mtoto amezaliwa usiku katika hospitali ya Homa Bay. Ameandikwa Blessing Shantel Ochieng'. Blessing ni la mahubiri, Shantel ni la filamu, na Ochieng' ni mchana wa mwanamume aliyezaliwa kabla ya uhuru. Katika majina matatu hakuna hata moja linalosema jambo lililomtokea yeye. Ukimwuliza mama yake atakwambia ndiyo, nyumbani tunamwita Atieno. Nyumbani tu. Jina pekee la kweli alilonalo ndilo halikupata nafasi kwenye cheti.

Linganisha na Lupita Nyong'o. Wazazi wake walikuwa Mexico City mwaka 1983 alipozaliwa, wakampa jina la mahali alipofikia, kama vile Oyoo anavyopewa la barabara. Watu humtaja kama mfano wa Mluo mwenye jina la kigeni. Mimi naona ni jina la Kiluo lililoandikwa Kihispania, na lina ukweli mwingi zaidi ya Ochieng' wa Shantel.

Ndugu zetu wa Pwani wasijione wamesalimika. Utaratibu wao wa zamani ni safi sana: jina lako, la baba, la babu. Ali Hassan ni Ali mwana wa Hassan, na mwanawe Hussein angekuwa Hussein Ali Hassan. Lakini Rais wa Zanzibar, mwana wa Ali Hassan huyo, ni Hussein Ali Mwinyi. Kabla yake Abeid Amani Karume alimrudishia mwanawe jina la babu, Amani, kama ada inavyotaka, ila mwana huyo akaingia ikulu akiwa Amani Abeid Karume. La tatu limeganda. Siasa hupenda jina lililoganda, kwa kuwa kura hurithiwa nalo. Na huku Nyanza pia tunajua uzito wa kuitwa Odinga kwenye karatasi ya kura.

Nimewasikia wanaopinga na wana hoja. Bila jina moja la familia, wanasema, mrithi atateseka mahakamani akidai shamba la baba. Mwombaji wa viza ataambiwa mtoto si wake. Bodi ya mikopo itakataa fomu. Mateso hayo ni ya kweli. Lakini angalia yanatoka wapi. Mahakama haimwamini mtoto kwa sababu tu jina lake la mwisho linafanana na la marehemu. Inaangalia cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu na mashahidi wa ukoo. Wakina Ochieng' ni wengi mno kiasi kwamba kufanana hakuthibitishi kitu. Na kuhusu pasipoti, shirika la kimataifa la usafiri wa anga linaloweka kanuni zake halidai ukoo wa mtu. Linataka kitambulishi cha kwanza na cha pili, kisha linaiachia kila nchi iamue vitakuwa nini.

Iceland iliamua. Huko watu wengi hawana jina la familia mpaka leo. Mwana wa Jón ni Jónsson, binti yake ni Jónsdóttir, mke anabaki na lake, na orodha ya simu hupangwa kwa jina la kwanza. Vigdís Finnbogadóttir aliyechaguliwa rais wao mwaka 1980 ni nyar Finnbogi, basi. Benki zao zinafanya kazi na ndege zao zinaruka. Uturuki ilikwenda njia nyingine, sheria ya 1934 ikamlazimisha kila raia ajichagulie jina la familia. Kenya haijamlazimisha mtu. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa. Hakisemi jina hilo liwe la babu yake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi, ilibatilisha kifungu cha sheria kilichomzuia mtoto wa mama asiyeolewa kuandikiwa jina la baba hadi baba mwenyewe aridhie. Mama wengi wa huku waliusherehekea uamuzi huo, na walikuwa na haki: hapo jina la baba linadai karo na matunzo, jambo zito kuliko mila yoyote ninayoitetea.

Hoja nyingine ni kwamba majina ya saa yanajirudia, darasa moja linakuwa na kina Otieno watano. Ni kweli. Lakini darasa hilo sasa lina kina Blessing sita. Na yule anayesema hospitali zimeharibu mambo, kwamba mtoto wa upasuaji uliopangwa saa nne asubuhi ni Onyango kwa ratiba ya daktari, namjibu kwamba babu zetu waliwaita watoto kwa nzige na njaa. Ratiba ya daktari wangeipokea bila shida, na huenda wangetunga jina la upasuaji kabla mama hajatoka wodini.

Ninachopendekeza ni kidogo. Karani wa hospitali anapouliza, mzazi ataje kwanza jina la mtoto mwenyewe, lile la saa au la ndoto au la mvua, kisha jina lenyewe la baba, lile ambalo baba alipewa siku alipozaliwa. Blessing anaweza kuwemo. Kanisa limemlea na halina ubaya. Babu apumzike. Wanaotaka na jina la mama waliandike, ardhi yetu imeshafanya hivyo karne nyingi. Mheshimiwa Millie Odhiambo wa Suba Kaskazini hujitaja kwa ukamilifu kuwa Millie Grace Akoth Odhiambo Mabona: ubatizo, mvua iliyonyesha siku yake, jioni ya baba, na mume kutoka Zimbabwe. Ni refu kwenye fomu, lakini ukilisoma unajua umekutana na nani.

Mtihani wa karibu unakuja mwaka huu wa 2026. Barack Obama alipochaguliwa Novemba 2008, Rais Kibaki alitangaza sikukuu, na wodi za uzazi za Kisumu zikajaa kina Barack na Michelle. Vijijini huku nako hatukubaki nyuma. Watoto hao wanatimiza miaka 18 na wanakwenda kuchukua vitambulisho. Kijana anayeitwa Barack Obama, asiye na undugu wowote na watu wa Kogelo, akikubali Obama aandikwe mwisho, watoto wake watakuwa ukoo mpya ulioanzishwa na uchaguzi wa Marekani. Ana njia nyingine. Matokeo yalitangazwa saa moja asubuhi kwa saa zetu. Amwulize mama yake: kama alizaliwa kura zikiendelea kuhesabiwa usiku, yeye ni Otieno, kama redio ilikuwa imeshatangaza, ni Okinyi. Aliandike hilo, afuatishe la baba yake, na Obama akae katikati.